Kifuniko cha Bi Daktari

Kitu cha kwanza alichonipa Bi Daktari kilikuwa kileja, biskuti ya kuokwa nyumbani, na nusura kiondoke na jino langu. Ilikuwa asubuhi ya siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimevaa abaya niliyoipiga pasi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliingiwa na wasiwasi kwamba mikunjo imebaki mgongoni, mahali nisipoweza kupaona. Alinitazama toka juu mpaka chini, akasukuma sahani mezani, akasema, "Kula. Ukiweza kukitafuna hicho, kazi utaiweza."

Nilikitafuna. Baadaye nilijiuliza sana kama ule ulikuwa mtihani, ukarimu au shambulio. Miaka imepita na bado sijaamua.

Kliniki yetu ya mama na mtoto, hapa Muscat, ilikuwa na kuta za rangi ya krimu, viti vya plastiki, na kiyoyozi kilichojua baridi moja tu, ile ya kuhifadhia samaki. Ilikuwa miaka ya tisini, wakati watu wa afya walipokuwa wakihimiza familia zipishanishe uzazi. Neno lilikuwa kupishanisha. Kuzuia hatukulitamka, kana kwamba mimba ikilisikia itachukia na kuja kwa makusudi. Mimi nilikuwa mshauri. Nilirudi kutoka masomoni Uingereza na shahada ya elimu ya afya, chati kubwa ya picha za kufunua, na kisanduku cha vielelezo: vidonge, kitanzi, kondomu, na bomba la sindano lisilo na dawa. Sikuwa nimeolewa. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wanawake wenye watoto sita jinsi watoto wanavyopatikana.

"Huyu hajaolewa," Bi Daktari alizoea kunitambulisha kwa wagonjwa, "lakini amesoma. Msikilizeni, atakuelezeni vizuri yale yaliyokwisha kukufikeni."

Jina langu alilijua. Aliniita Msomi, kwa sauti ile ambayo watu wengine huitumia kusema "mgonjwa".

Alikuwa mfupi, mpana, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba, ambapo haikumsaidia kuona kitu. Kwa Kiarabu alikuwa na heshima kubwa. Kwa Kiingereza alikuwa na haraka. Kwa Kiswahili, kile cha Unguja ambacho miaka yote ya Muscat haikukigusa, alikuwa yeye mwenyewe, na hapo ndipo watu walipoumia. Mwanamke akisema, "Daktari, sijui imekuwaje," yeye alijibu bila kuinua kichwa, "Hujui? Basi kamuulize mumeo, huenda yeye alikuwepo." Mwanamke akilia, alimpa kitambaa na kumwambia asilowanishe meza ya watu. Wote walirudi kwake. Daktari mwengine, kijana mpole mwenye sauti ya asali, alikaa chumba cha pili akisoma gazeti.

Mwenyewe alikuwa na watoto saba waliofuatana kama mabehewa. Nilipopata ujasiri wa kumuuliza, maana nilikuwa nimelifikiria swali hilo kwa wiki nzima na nimeliandaa kwa namna tatu tofauti, alicheka mpaka akashika ubavu. "Mie uzazi wa mpango nimeusoma kwa vitendo, Msomi. Nikifeli kila mwaka."

Hakuwa na subira na foleni, wala na taa nyekundu, wala na mtu anayeanza maneno kwa "kwa kweli". Aliendesha gari lake kana kwamba barabara ya Ruwi aliachiwa na babake. Alifuatilia michezo ya Kimisri ya televisheni na kuwatukana waigizaji kwa majina. Aliswali kwa wakati. Alidanganya kwenye karata, hadharani, na akikamatwa alikuuliza kwa nini unatazama karata za wenzako.

Kwa waume alikuwa na dawa moja. Mume akija kusema kwamba mke wake hatatumia kitu chochote, kwamba watoto ni riziki na yeye ndiye mwenye kauli, Bi Daktari alikubali mara moja. "Sawa kabisa, baba. Wewe ndiye mkubwa. Hebu mpakate mwanao tuandike hayo." Mtoto akahamishwa kutoka kwa mama mpaka kwenye kanzu nyeupe ya baba. Kisha Bi Daktari akaanza kutafuta kalamu. Akaitafuta mezani, akaitafuta kwenye droo ya meza, akapokea simu, akarudi kuitafuta. Mtoto analia, mtoto anacheua, mtoto anashika ndevu. Kalamu ilikuwa sikioni mwa Bi Daktari muda wote. Wengi walibadili msimamo kabla haijapatikana. Mmoja aliuliza kama kuna njia ya kutumia yeye mwenyewe, palepale.

Lakini wapo wanawake waliokuja kwa jambo ambalo halikuwamo kwenye chati yangu.

Hawakulitaja kwa jina. Walisema wamechelewa, wanataka dawa ya kurudisha damu. Walisema tumbo limejaa gesi. Walisema wameota vibaya. Wengine waliweka mkono tumboni na kukaa kimya. Sheria ya hapa iko wazi: mimba haitolewi, ila ikiwa roho ya mama imo hatarini. Kuchoka hakumo. Mtoto wa mwisho kuwa bado anatambaa hakumo. Na kwamba hakumo, wanawake hao walikuwa wakijua, na walikuja hivyo hivyo.

Jibu la Bi Daktari lilikuwa lilelile kwa wote. "Hiyo sina. Kaa."

Nilidhani ni ukali. Nilichelewa kuona kwamba "kaa" ndilo lililokuwa neno kubwa. Kwa sababu mwanamke akishaambiwa hapana huwa tayari ameshasimama. Ana buibui lake, ana mkoba wake, na kichwani ana anwani ya mtu mwengine, wa kichochoroni, au wa ndege ya kwenda mbali kama mume ana pesa.

Mimi, bila shaka, nilikuwa na maarifa zaidi. Nilifundishwa kwamba mwanamke anayetaka kutoa mimba ndiye hasa wa kushauriwa kuhusu njia za kupanga uzazi, papo hapo, kwani hapo ndipo anapolijua tatizo. Fursa adhimu, ndivyo mwalimu wangu alivyoiita. Wakubwa wetu nao walipokuja kukagua, swali lao la kwanza lilikuwa wangapi wameondoka na njia, na njia waliyoipenda ni ile inayokaa muda mrefu mwilini bila kumuuliza mwenyewe kila siku. Kwa hiyo mwanamke wa kwanza aliyeambiwa "hiyo sina" mbele yangu, nilimvamia na chati. Nilimfunulia ukurasa wa vidonge, wa sindano, wa kitanzi. Nilimwonesha mchoro wa mji wa mimba uliofanana na kichwa cha ng'ombe. Aliutazama kwa adabu, machozi yanamdondoka juu ya pembe.

Alipotoka, Bi Daktari aliniita.

"Msomi, nyumba ya mtu inaungua, wewe unamuuzia bima?"

"Lakini asiposhauriwa leo, Bi Daktari, atarudi na tatizo lilelile."

"Inshallah arudi! Nani aliyekwambia kwamba atarudi?" Alivaa miwani, jambo alilolifanya mara chache, akanitazama. "Leo hakusikii. Leo anasikia damu yake tu masikioni. Kazi yetu leo ni kwamba aje tena, mzima, kwa miguu yake. Mengine yote yanangoja."

"Na tunafanyaje ili aje tena?"

Akafungua kabati.

Mle ndani, mahali ambapo kliniki nyengine huweka vifaa, kulikuwa na mabakuli. Ya bati, yenye maua mekundu na vifuniko vyake, ya aina ile ambayo bibi zetu walifungasha wakaja nayo kutoka Unguja. Bi Daktari aliyanunua soko la Matrah kwa pesa zake. Nyumbani kwake aliyajaza vileja alivyovioka kwa mikono yake miwili, mikono iliyozalisha nusu ya mtaa na isiyojua kabisa kuoka. Mwanamke aliyekuja kwa jambo hilo, akishakaa, akishanywa maji, akishapimwa presha yake, aliondoka na bakuli. "Chukua uwapelekee watoto. Bakuli langu nalitaka."

Basi. Hakuna kadi ya miadi, hakuna hotuba.

Kama wewe si wa kwetu huenda usione ujanja wake. Kwetu tarehe ya daktari mtu anaweza kuisahau na akalala usingizi. Chombo cha mtu hakimpi usingizi. Kiko jikoni kinakutazama. Mkweo anakiuliza ni cha nani. Na hukirudishi kitupu, labda uwe umeamua kuhama mji. Lazima upike kitu, na kitu cha kuonekana, kisha ukipeleke mwenyewe, uketi, uulizwe hali na ujibu. Bi Daktari alichukua aibu yetu sote na kuifanya idara ya ufuatiliaji.

Nilipinga, bila shaka. Nilisema vyakula ndani ya kliniki ni hatari kwa usafi. Nilisema si taaluma. Nilisema kumpa mgonjwa zawadi kunaweza kumfanya ajihisi ana deni, na deni ni aina ya shinikizo, na shinikizo linaharibu hiari. Nilisema hayo kwa muda mrefu kidogo.

"Umemaliza?" alisema. "Haya, peleka hili chumba cha presha."

Na wakarudi. Hilo ndilo lililoniudhi. Walirudi na sambusa, na mkate wa kumimina, na kaimati zilizokuwa bado zinatoa moshi. Walikaa kwenye kile kiti, nyumba haiungui tena au imekwisha kuungua, na wao wenyewe ndio waliouliza. Mmoja alikuwa ameamua kuzaa na akataka kujua atapumzikaje baadaye. Mmoja alishaiporomosha mimba, kwa namna gani hatukumuuliza, na alitaka kujua ile sindano inauma wapi. Hapo Bi Daktari aliniita kwa sauti ya kwenye harusi, "Msomi! Njoo na ng'ombe wako!" Nami nikaja na chati, nikapata wasikilizaji, huku manesi wakigawana sambusa nyuma ya pazia.

Akimaliza kumhudumia mtu, Bi Daktari alimuaga kwa maneno yaleyale: "Nenda. Sitaki kukuona tena." Alikuwa mwongo mkubwa.

Mama Nasra alikuja mwanzoni mwa kiangazi. Mume wake alikuwa na duka la vitambaa ndani ya soko la Matrah. Alikuwa mwanamke wa kujidai, kwa haki kabisa, na jambo alilojidai nalo ni jiko lake. Alituambia, wakati presha yake inapimwa, kwamba katika nyumba ile hakuna mtu mwengine anayeruhusiwa kushika mwiko, hata mama mkwe, na kwamba halwa ya dukani haijapata kuvuka kizingiti chake. Alikuwa na watoto sita. Wa mwisho alikuwa mgongoni kwa dada yake huko nje, bado hajasimama.

"Nataka dawa ya kurudisha damu," alisema.

"Hiyo sina. Kaa."

Alikaa. Alimaliza glasi mbili za maji. Aliuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo, kama hakuna namna kabisa, na Bi Daktari akamwambia hakuna, na kwa mara ya kwanza sikusikia dhihaka ndani ya sauti yake. Akampa bakuli. Mama Nasra akafunua, akakigonga kileja kimoja kwa ukucha.

"Hivi umeoka mwenyewe, daktari?"

"Mwenyewe."

"Ndiyo maana una kazi nyengine," Mama Nasra alisema. Wakacheka wote wawili. Nikafikiri, huyu atarudi. Hawezi kukubali vileja hivi viwe neno la mwisho.

Siku zikapita. Kila mlango ulipofunguka, Bi Daktari alitazama mikono ya anayeingia kabla ya uso wake.

Kisha bakuli likarudi. Alilileta mume, akiwa njiani kwenda kufungua duka, kanzu imenyooka, uso una haraka. "Mke wangu anakusalimu sana, daktari. Anasema ahsante." Lilikuwa limejaa halwa mpaka juu, lozi zimepangwa. Bi Daktari alipokea, akamrudishia salamu mara nne kama inavyostahili, akamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

Mimi nilifurahi. Chombo kimerudi, hakikurudi kitupu, kila kitu kimekwenda kama desturi inavyotaka. Nilikuwa nimeshachota kijiko cha kwanza, na kijiko cha pili kimo njiani, aliponishika mkono.

"Unakula nini, Msomi?"

"Halwa."

"Ya nani?"

Nilitazama. Ilikuwa halwa nzuri, laini, yenye zafarani, ile inayouzwa kwenye vibati hatua chache kutoka duka la yule bwana.

"Ya dukani," nilisema.

"Mama Nasra amenirejeshea chombo na halwa ya dukani," alisema polepole, "na hakuja kunitukana vileja vyangu." Alikuwa ameshavua koti lake jeupe. "Huyu hawezi kusimama. Chukua mkoba wangu."

Lilikuwapo bado tatizo moja, nami ndiye niliyeliona, kwa kuwa kuona matatizo ndicho kipaji changu pekee. Tutaingiaje? Daktari wa uzazi akipiga hodi nyumbani kwa mtu bila kuitwa, mama mkwe atauliza kwa nini. Majirani watauliza kwa nini. Na jibu la kwa nini ndilo hasa lililomfanya Mama Nasra arudishe bakuli kwa mkono wa mume. Niliyasema hayo yote garini, huku tumepita taa nyekundu ya pili, na nikaongeza uwezekano wa tatu na wa nne.

Bi Daktari alifungua mkoba wake mapajani mwangu kwa mkono mmoja, akatumbukiza ndani kifuniko cha bakuli alichokichukua mezani wakati tunatoka, kile chenye maua mekundu, akaufunga.

"Bakuli limekuja," alisema. "Kifuniko hakikuja."

Nyumba ilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya soko, mwembamba kiasi kwamba tuliingia kwa ubavu. Mama mkwe alitufungulia, bibi mrefu mwenye tasbihi.

"Karibuni, karibuni. Kheri?"

"Kheri, dada yangu. Nimekuja kwa aibu kubwa," Bi Daktari alisema, na sijapata kumuona mtu mwenye aibu ndogo kuliko yeye. "Bakuli langu limerudi, Mungu awalipe. Lakini kifuniko sikukiona. Na chombo chenyewe kanipa marehemu mama, wajua mambo ya vitu vya wazee."

Bibi alishika kifua. Kifuniko cha marehemu! Katika nyumba yake! Dakika ileile aliwaita watoto wote, wakaingia jikoni, na tukasikia masufuria yanashushwa moja baada ya jengine. "Mama yao hajambo?" Bi Daktari aliuliza kwa kupitia, akiwa ameshageukia chumba cha ndani. "Labda yeye anajua kakiweka wapi." "Amelala," bibi alijibu kutoka ndani ya kabati la vyombo, "kichwa kinamuuma tangu juzi, ingia tu."

Tukaingia. Chumba kilikuwa giza na joto. Mama Nasra alikuwa amejifunika blanketi mpaka shingoni, wakati ule wa kiangazi cha Matrah, na alikuwa akitetemeka. Bi Daktari alimwekea mkono kwenye paji la uso, kisha tumboni, kisha akafunua blanketi na kulifunika tena. Harufu ilinieleza yale ambayo mihadhara yote haikunieleza. Alikuwa ameokota mahali kitu, akakitumia, na kazi haikukamilika.

"Nani alikupa?" Bi Daktari alinong'ona.

Mama Nasra alitikisa kichwa. "Usimwambie mama."

"Mie nimekuja kutafuta kifuniko," Bi Daktari alisema. "Jengine silijui. Unaweza kutembea mpaka garini?"

Kule jikoni sufuria kubwa lilianguka. Bi Daktari alitoka akasimama sebuleni, akapandisha sauti ile ya kwenye harusi. "Dada yangu, mkweo kapungukiwa na damu! Na homa juu! Mnamwacha mtu hivi kwa sababu ya kichwa? Nnamchukua mwenyewe hospitali, mumewe atufuate." Bibi alitoka na ungo mkononi, amechanganyikiwa baina ya mkwe na kifuniko, akawa anaomba radhi kwa vyote viwili. Mpaka tunamuingiza Mama Nasra ndani ya gari, mtoto mmoja alikuwa bado anapiga mbizi chini ya kitanda akitafuta chombo kilichokuwa mkobani, juu ya mapaja yangu, kinanigusa kila tulipopita tuta.

Njiani Bi Daktari hakusimama kwenye taa hata moja. Aliongea tulipokuwa tumeshamkabidhi hospitalini, tumesimama nje kwenye jua, na mimi nimeanza kufikiria ingekuwaje kama tungefika kesho yake.

"Mie nilimwambia sina," alisema. "Akaenda kwa mwenye nacho." Akatazama funguo zake. "Usinijibu, Msomi. Nakujua utanijibu."

Nikampa mkoba wake.

Mama Nasra aliishi. Walimsafisha, wakamuongeza damu, homa ikashuka. Na kwa kuwa taratibu ni taratibu, kabla hajaruhusiwa ilibidi ashauriwe, na mshauri nilikuwa mimi. Nilikwenda wodini na chati chini ya kwapa. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nitaanza na pole; lakini pole ikizidi itaonekana najua; nisipotoa pole nitaonekana sina moyo; nikitaja njia ya muda mrefu kwanza nitakuwa nimemsukuma; nikiitaja mwisho nitakuwa nimemficha. Mama Nasra aliniona nimesimama miguuni pa kitanda kama mtu aliyekosea wodi.

"Kuna njia ambayo mama mkwe haioni?" aliuliza.

"Sindano," nilisema.

"Inakaa muda gani?"

"Miezi mitatu. Ukitaka kuacha, unaacha."

"Basi hiyo."

Miaka minne ya chuo kikuu, pamoja na nauli. Chati sikuifunua.

Bi Daktari alikuja akiwa na bakuli, limeshafunikwa. "Kifuniko kimepatikana," alimwambia. "Mwambie mkweo apumzike. Na nenda, sitaki kukuona tena." Mama Nasra alilipokea, akaligonga kwa ukucha, akasikia vileja vinajibu mle ndani. Baada ya wiki mbili aliingia kliniki kwa miguu yake, na biriani lililotulaza sote usingizi adhuhuri ile. Aliketi, akatukana vileja kwa nafasi.

Bi Daktari alipostaafu, walimuaga kwa hotuba na saa ya ukutani. Daktari aliyekuja badala yake alitoa mabakuli kabatini akaweka vifaa, kama nilivyopendekeza mimi zamani. Palikuwa safi sana.

Mara ya mwisho kuzungumza na Bi Daktari naikumbuka vizuri kuliko nipendavyo. Ilikuwa miaka kadhaa baadaye. Alikuwa akikaa kwa bintiye, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kwenye nyumba yenye bustani ambayo aliichukia kwa sababu ilihitaji maji. Mimi nilikuwa nimeolewa na nina mtoto wa miezi tisa. Nilikuwa pia nimechelewa, na si kazini. Usiulize ilikuwaje. Mshauri wa uzazi, mwenye chati na kisanduku, alijifungua akaamua kuchagua njia kwa uangalifu. Nikalinganisha vidonge na sindano. Nikasoma juu ya kitanzi. Nikarudi kwenye vidonge. Nikauliza wenzangu, nikapima faida na hasara, nikaamua nisiamue kwa pupa. Nilikuwa bado nalinganisha mimba ilipoingia.

Nilimwambia mume wangu nakwenda kumsalimu mzee. Sikujua nilichokuwa nakwenda kuomba. Bi Daktari alikuwa kwenye kochi na fimbo yake, amemkasirikia mwigizaji wa Kimisri.

"Msomi! Umenenepa. Mtoto anatambaa?"

"Bado kidogo."

"Umekuja peke yako."

"Nilikuwa napita."

"Madinat Sultan Qaboos hakuna anayepita. Watu wanakuja au hawaji." Akapunguza sauti ya televisheni. Alivaa miwani, akanitazama, kisha akaiacha ianguke kifuani. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeandaa sentensi, njia yote kutoka nyumbani, yenye "kwa kweli" mwanzoni.

"Hiyo sina," alisema. "Kaa."

Nilikuwa nimesimama. Sikuwa nimejua kwamba nimesimama, na mkoba begani. Nikakaa. Akaniletea maji mwenyewe, polepole, fimbo inagonga marumaru. Tulitazama mchezo wake mpaka mwisho na akanieleza nani ni mshenzi na kwa nini. Nililia kidogo mahali ambapo hapakuwa pa kulia, na akaniambia nisilowanishe kochi la mtoto wake.

Nilipoaga alikwenda jikoni. Alirudi na bakuli la bati lenye maua mekundu, limejaa, limefunikwa kwa karatasi ya jikoni.

"Bi Daktari," nilisema, "mimi huu mchezo naujua. Nilikuwepo."

"Ndiyo maana kifuniko nimebaki nacho," alisema. "Usipokuja, nnakuja mie kwako. Na mkweo nitamwambia kimepotea kwake."

Niliendesha taratibu, bakuli kiti cha pembeni, nimelifunga mkanda kwa sababu kwenye kona ya kwanza niliogopa litamwagika, ingawa vileja vile havikuwa na namna ya kumwagika. Nilikuwa naijua kila hatua ya ujanja ule. Niliwahi kuupinga kwa hoja. Na kabla sijafika taa za barabara kubwa nilikuwa nimeshaacha kufikiria jambo lililonipeleka, nimeanza kuumiza kichwa nimpikie nini: sambusa atasema zina mafuta, biriani atasema namuiga Mama Nasra, na halwa ya dukani ndiyo kabisa, maana nikimpelekea hiyo atakuja na gari la wagonjwa.